Supermarket ya Machakos iliniuzia uji ya mtoto imeexpire, halafu ati hiyo ilikuwa ya bure

Wakuu, na haswa kina mama wenye mko na watoto wadogo, salamu nitawapa nikimaliza. Sahi niko na hasira, na nikianza kusalimia mmoja mmoja nitasahau mahali pa kuanzia.

Naandika yenye ilinipata mimi na mtoto wangu. Chumvi sijaongeza, hata sikuwa na haja nayo. Jina ya supermarket siweki na mtaelewa kwa nini.

Mimi naishi Kyumbi, nauza nguo za watoto za mtumba kando ya barabara. Bwanangu Musyoka anafanya quarry, kuchimba mawe, huko Mlolongo, anakuja weekend. Tuko na msichana mmoja, Mutheu, miezi nane. Alikuwa ndio ameanza kula, na kama uko na mtoto unajua hiyo kazi: kijiko moja inaingia, mbili zinarudi kwa nguo yako.

Mwisho wa mwezi nikaenda Machakos town kununua vitu za nyumba. Kwa ile supermarket nikapata ofa ya uji ya watoto, ile ya kuchanganya tu na maji moto. Nunua moja, upate moja bure. Pakiti mbili zimefungwa pamoja na selotepu, zimekazwa kabisa kama wezi wamefungwa kamba.

Nani hapendi ofa? Nikatupa kwa basket, nikalipa, nikaenda nyumbani nikijiona mjanja.

Nyumbani nikapasua selotepu, nikamwaga pakiti moja kwa kopo. Ile boksi yake ya karatasi nikawashia jiko.

Msinicheke. Kwani nyinyi mnawasha jiko na nini? Mafuta taa na hii bei? Kwetu hakuna boksi inatupwa.

Mutheu alipewa uji jioni akageuza uso. Nikaonja. Ilikuwa na harufu kama mafuta ya kupikia iliyokaa sana kwa sufuria, lakini hiyo uji inawekwa vitu mingi, nikadhani ndio ladha yake. Mamangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kithimani. Akaniambia, "Huyu anatoa meno. Mpe polepole." Nikampa polepole.

Kesho yake mtoto akaanza kutapika. Halafu kuhara. Kufikia jioni hakuwa analia tena, na hapo ndio nilishikwa na woga, kwa sababu Mutheu ni mtoto wa kelele. Macho ilikuwa imeingia ndani. Tukakimbia hospitali.

Akawekwa drip. Kutafuta mshipa ya mtoto mdogo kama huyo sitawaelezea, nikianza nitalia na sikuja kulia hapa.

Daktari akauliza amekula nini mpya. Nikasema uji. Akasema niilete aone. Nikapigia mamangu, nikamwambia abebe ile pakiti ingine yenye ilikuwa imebaki.

Akafika nayo. Daktari akaigeuza, akanionyesha upande. Expiry date ilikuwa imepita miezi minne.

Ndio nikaelewa. Zile pakiti zilikuwa zimefungwa zikiangaliana. Upande wa tarehe wa hii umelala juu ya upande wa tarehe wa ile, halafu selotepu imezunguka. Hata uwe na macho ya mwewe, hauwezi kuona ukiwa kwa shop. Wakuu, hiyo si kusahau. Mtu alikaa chini akafikiria.

Mungu ni mwema, mtoto akapata nafuu tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Bill ya hospitali ilikula stock yangu yote ya mwezi. Kesho yake nikafunga Mutheu mgongoni na leso, nikabeba pakiti na risiti (ilikuwa bado kwa mfuko ya diapers), nikaingia Machakos.

Msichana wa customer care akaangalia pakiti, akaniambia, "Pole mum. Nenda uchukue ingine."

Nikamwambia, "Mimi sikukuja kuchukua ingine. Niitie meneja."

Meneja akakuja. Kijana msafi, shati imepigwa pasi, anaongea pole pole kama mtu wa kuhubiri. Akaangalia risiti, akaangalia pakiti, akatabasamu.

"Madam, kwa risiti umelipia pakiti moja. Hiyo nyingine iko wapi?"

"Niliimwaga kwa kopo. Boksi niliwashia jiko."

"Sawa. Basi hii umeshika ndio ile ya bure. Hii hatukukuuzia, ni zawadi. Na ile tulikuuzia, yenye mtoto alikula, hatuwezi kujua tarehe yake. Umeichoma mwenyewe."



Yaani mimi ndio nimechoma ushahidi! Askari wa mlangoni alicheka kidogo. Na kusema ukweli, kwa dakika moja niliona aibu, nikataka kutoka niende. Halafu Mutheu akakohoa huko mgongoni.

Nikaenda kwa shelf. Zile ofa zilikuwa bado zimepangwa, zimekumbatiana vile vile. Nikatoa moja, nikapanga laini, nikalipa na pesa ya kurudi Kyumbi. Keshia alipiga hiyo kitu bila kuniangalia usoni. Risiti ikatoka.

Hapo hapo kwa kaunta nikakata selotepu na meno. Nikazitenganisha. Zote mbili zimeexpire, tarehe moja.

Nikainua juu, moja kila mkono.

"Boss! Kuja uniambie, kati ya hizi mbili, ya bure ni gani? Nionyeshe yenye umeniuzia na yenye umenipa zawadi. Mimi sijachoma kitu leo."

Mama mmoja wa bui-bui nyuma yangu akaangalia trolley yake. Alikuwa nazo mbili. Akazitoa akaziweka kwa kaunta, polepole, akamwambia meneja, "Mwanangu, na mimi nifungulie zangu. Nina mjukuu."

Mzee mwingine akapaza sauti, "Aiyaa! Kumbe zawadi ya hapa inapelekwa hospitali!" Watu wakacheka, lakini ile ya uchungu.

Ndio meneja akakumbuka ako na ofisi. "Madam, twende tuongee kama watu wazima." Huko ndani akanipa vocha ya shopping. Ati nirudi ninunue kitu napenda. Nikamuuliza kama hospitali inakubali vocha ya unga.

Nikamwambia nataka vitu mbili tu. Mnirudishie pesa ya hospitali, na mtoe hizo vitu kwa shelf leo. Akasema lazima aulize wakubwa.

Nikamwambia aulize, mimi pia naenda kuuliza wakubwa wangu.

Nikatoka na miguu mpaka kwa ofisi ya afya ya umma. Nilikuwa naogopa nitaambiwa njoo kesho, lakini nilipata afisa mmoja mama, akasikiza mpaka mwisho, akachukua mkoba wake. Akaingia nami huko supermarket. Hizo ofa zote zikatolewa, akachukua zingine za kupima, akaandika ripoti. Meneja saa hiyo hakuwa anatabasamu.

Mngedhani imeisha hapo. Hapana.

Baada ya siku kadhaa meneja akanipigia. Ati kampuni imekubali. Watanirudishia pesa ya hospitali, na juu yake waniongeze pesa ya kutosha kulipa nyumba miezi tatu. Lakini nisaini kwamba sitaongea hiyo maneno mahali popote. Si kwa group, si kwa mtandao, si kwa korti.

Nikamwambia, "Nipe ya hospitali. Hiyo ingine kaa nayo."

"Madam, zinaenda pamoja. Ama zote ama hakuna."

Wakuu, tuseme ukweli. Landlord wangu hajui habari ya msimamo. Musyoka alipokuja weekend akaniambia, "Mama Mutheu, chukua. Mtoto amepona. Kwani tutakula kesi?"

Nikamwambia, "Sisi hatutakula. Mutheu ndiye alikula."

Akakasirika akatoka nje. Mamangu alikuwa anachambua ndengu, akasema bila kuinua kichwa, "Ukinyamaza, na wakirudia kwa mtoto mwingine, utasema nini?"

Sikusaini. Nimepeleka kwa korti ya madai madogo, hapo hauhitaji wakili, unajisemea. Niko na risiti mbili, karatasi za hospitali, ripoti ya afisa, na yule mama wa bui-bui amesema atakuja kusema yenye aliona. Ndio maana jina sitaji, sitaki waseme nimewaharibia kesi. Nikishinda sawa. Nikishindwa, bado sijauza mdomo yangu.

Musyoka ananisalimia nusu nusu mpaka leo. Nyumba nimelipa ya mwezi moja, kwa shida.

Yenye nimejifunza ni hii: ukiona ofa imefungwa, kata selotepu hapo hapo kwa shop kabla ulipe. Wakikukataza, wacha hapo. Na boksi ya chakula ya mtoto usiwashie jiko mpaka mtoto amalize kula, hata kama mkaa imekataa kushika.

Kama ningechukua ile pesa, sahi mimi ningekuwa nimelala bila deni, na wewe ungekuwa unakoroga uji kama hiyo bila kujua. Nenda jikoni uangalie tarehe kwanza, halafu urudi hapa uniandikie umepata nini. Na kama kuna mtu amewahi kusimama kwa hiyo korti peke yake, aniambie unaanza kuongea namna gani.

Haya. Hamjambo wote?