Mbio za Wasiotaka Kutangulia

Mimi sijawahi kumwamini mtu anayekuletea zawadi hujamwomba. Kwa hiyo siku ile mkuu wa posto, Mreno aliyetawala wilaya yetu, alipotukusanya uwanjani hapa Mocímboa akatangaza kwamba serikali imetuandalia mashindano ya baiskeli, wenzangu walipiga makofi, mimi nikaangalia malori. Yalikuwa yameegeshwa pembeni, na askari walikuwa wakiyatandika magunia ya mchanga sakafuni, pale wanapoweka miguu. Pwani yetu mchanga umejaa kila mahali. Sikuona kwa nini mtu aubebe kwenda nao safari.

Ilikuwa wakati wa vita vya kumwondoa Mreno. Watu wa msituni walikuwa wameanza kutega mabomu barabarani, na njia ya Palma ilikuwa haipitiki ila kwa msafara wa askari, wengine wakitangulia kwa miguu wakidungadunga ardhi kwa vyuma. Sasa mkuu alisema barabara ni salama, na ili dunia ione kwamba ni salama, waendesha baiskeli wa hapa watashindana hadi Palma na kurudi, hatua kwa hatua, kijiji hadi kijiji, kwa muda wa wiki tatu pamoja na siku za kupumzika. Mshindi atapata baiskeli mpya na guia, ile karatasi ya ruhusa ambayo bila yake hukuweza hata kwenda kumzika shangazi yako. Na malori ya askari yatawafuata nyuma, kuwalinda.

Tukirudi nyumbani nilimwuliza mume wangu, "Mlinzi anayekaa nyuma yako umemwona wapi?"

"Sauti, mama watoto," akasema.

Sikupunguza sauti. Nilikuwa na hasira, na hofu, na kwangu mimi vitu hivyo viwili hutoka kwa mdomo mmoja. Mume wangu alikuwa mtu mzima. Maisha yake yote alikuwa mchuuzi wa ng'onda, samaki wakavu, akiwapandisha kwa baiskeli hadi uwanda wa Mueda, mpaka vita vikaifunga njia ile. Magoti yake yalikuwa yakilia akiinuka kuswali. Lakini jina lake lilitajwa la kwanza pale uwanjani, na siku zile aliyetajwa akakataa aliitwa turra, mtu wa msituni, na turra alijua anakopelekwa.

Barazani walimcheka. Walisema babu huyu atafika Palma mbio zimeshasahauliwa. Yeye hakukasirika hata kidogo.

"Corrida ya siku moja ni ya vijana," aliwajibu, akizitaja mbio kwa Kireno. "Ya wiki tatu ni ya mwenye matako magumu."

Hapa sina budi kueleza desturi ya wachuuzi wa baiskeli, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Njia zetu ni za mchanga. Anayetangulia hukata mkondo kwa tairi lake, na wanaofuata huweka matairi yao ndani ya mkondo huo huo, ndipo baiskeli isizame. Ni kazi ngumu, kwa hiyo hupokezana. Ila asubuhi, tangu kuondoka hadi kituo cha kwanza, anayefungua njia ni mkubwa wao kwa umri. Husoma Fatiha, hupanda, na hakuna anayempita kabla ya kituo. Kumpita ni kumvunjia heshima, na mwenye kuivunja akipata ajali hapewi pole.

Kabla ya vita vijana walikuwa wakiilalamikia desturi hiyo. Ilipoanza hatua ya kwanza, ghafla vijana wote wakawa na adabu. Mkuu alipuliza filimbi, akaruka pembeni kuwapisha wasimwangushe, na hakuna aliyetoka. Wote walikuwa wamejipanga nyuma ya mume wangu. Akasoma Fatiha, taratibu, akapanda, wakamfuata mstari mmoja. Kituo cha kwanza kikapita, hakuna aliyempita. Cha pili kikapita. Mdogo wangu wa kiume, mwoka mikate, ambaye naye alilazimishwa kushiriki kwa sababu alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli, alinisimulia kwamba mkuu alikuwa akiwapigia kelele kutoka kwenye lori, "Mais depressa!", yaani upesi zaidi, na wao wakazidi kumheshimu mzee wao.

Kwa hiyo mume wangu, babu wa magoti yanayolia, akashinda hatua ya kwanza. Akashinda na ya pili. Mpaka wanafika Palma alikuwa akiongoza mashindano yote, na hapakuwa na mtu aliyemwonea wivu.

Sisi wake tuliochukuliwa kwenda kupika tulikuwa tukitangulizwa kwa mashua, na vyungu vyetu, tukiwasubiri kila mwisho wa hatua. Jikoni ndiko nilikoanza kusikia maneno. Mwanzo yalikuwa ya kando. Kisha mwanamke mmoja, mume wake alikuwa wa tatu katika mstari, aliniambia usoni huku akikuna nazi.

"Shoga, mumeo anajua."

"Anajua nini?"

"Waume zetu wanasema anayumba. Njia imenyooka, yeye anakwenda kando, halafu anarudi. Mtu hayumbi bure."

Nilimwambia afunge mdomo asije akaniulia mume. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Tangu siku hiyo nilianza kumchungulia mume wangu kama ninavyomchungulia muuza dagaa mwenye mizani. Nilikumbuka kwamba kule Mueda alikuwa na rafiki zake Wamakonde waliokuwa wakinunua ng'onda, na watoto wa rafiki hao sasa walikuwa msituni. Nilikumbuka siku alizokuwa akichelewa kurudi kutoka shambani bila hata muhogo mmoja. Nilimwuliza anayumba kwa nini.

"Nakwepa mchanga laini," akasema.

"Mchanga laini tu?"

"Wewe ulitaka nikwepe nini?"

Jibu la swali kwa swali silipendi. Ningelipenda zaidi angenidanganya vizuri.

Tatizo ni kwamba sikuwa peke yangu niliyekuwa nikitazama alama za tairi. Wakati wa kurudi, katika hatua ya kabla ya mwisho, ofisa wa askari alisimamisha malori pale mume wangu alipoyumba, akaamuru wachimbe. Hawakukuta kitu. Wakachimba mahali pengine alipoyumba, napo mchanga mtupu. Jioni akaja kambini kwetu, akachuchumaa mbele ya mume wangu, na kuongea naye kwa upole. Upole ule niliuogopa kuliko matusi.

"Mzee, imebaki hatua ya mwisho," alisema, na mkalimani akatafsiri. "Keshokutwa utapita katikati ya barabara. Katikati kabisa, mpaka nyumbani. Ukiyumba hata mara moja, utakaa na mimi chumbani unieleze kwa nini."

"Sim, senhor," mume wangu akakubali.

Alipoondoka nilikaa chini palepale penye majivu. Nilikuwa nimeelewa alichofungwa nacho. Kama hajui kitu, atapita katikati na huenda atalipuka. Kama anajua, akiyumba tumempoteza, asipoyumba tumempoteza vilevile. Nililia, na sikujificha. Yeye alikwenda kupima upepo wa matairi.

Kesho yake, siku ya kupumzika, alifanya jambo la aibu. Tulikuwa tunakula, wake kwa waume karibu karibu, na mdogo wangu aliongeza sahani ya wali. Mdogo wangu ni mnene. Ni mnene kwa kazi, maana mwoka mikate huonja, na hakuna aliyewahi kumtania kwa hilo isipokuwa mimi niliyembeba mgongoni. Mume wangu aliweka tonge chini akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Shemeji, kula tu, lakini kesho usinifuate. Wiki zote hizi unatuchelewesha na hilo tumbo. Baiskeli yako inalia kwa uchungu, mimi nasikia haya mbele ya wazungu. Panda mashua na wanawake wenzako."

Kwetu shemeji hutaniwa, lakini hatukanwi mbele ya dada yake. Mdogo wangu aliinuka, machozi yanamlenga, mtu mzima na ndevu zake, akaenda kumwambia askari kwamba anaumwa tumbo, hawezi kuendelea. Walimcheka wakamruhusu. Mimi nilimwambia mume wangu maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia pia kwamba ushindi umemlevya, kwamba ameanza kuiamini kweli hiyo baiskeli mpya. Akaokota tonge lake.

Asubuhi ya hatua ya mwisho nilimpelekea uji kwa kinyongo, nikamkuta amepiga magoti anafungua keria. Keria ile ya chuma ilikuwa juu ya gurudumu la nyuma tangu aliponioa. Ilibeba ng'onda wote waliotulisha, na imembeba kila mtoto wangu. Aliiweka chini, akaweka na pampu, na mfuko wa spana, na kibuyu cha maji. Akawaambia wenzake nao wavue vyao, leo tunakimbia kweli, asibaki mtu na mzigo. Wakavua. Uji hakuunywa. Nikasema moyoni, tazama, ndivyo wanavyofanya wenye uchu wa kushinda. Nikaichukua keria nikaenda nayo mashuani bila kumwambia kwaheri.

Mdogo wangu alikuwa ameshakaa, kati ya vyungu, amejifunika leso ya mwanamke kichwani kwa ajili ya jua. Wanawake walimtania kutoka ufuoni hadi maji makuu. Walimwuliza ana mimba ya miezi mingapi. Akaivuta leso ikamfunika uso. Nilikuwa nimekaa karibu naye, mkono wangu juu ya goti lake, nikimchukia mume wangu kwa moyo wote, mlipuko uliposikika kutoka bara.

Ulikuwa mmoja, mzito. Moshi ulipanda juu ya mikoko. Wote tukapiga kelele kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa akilitaja jina la mume wake, na mimi nililitaja la kwangu. Nahodha hakuweza kuifanya mashua iende kasi zaidi ya ilivyokwenda.

Tulifika Mocímboa tukakimbia hadi uwanjani na nguo zetu zimelowa. Walikuwepo. Wote. Walikuwa wamekaa kwenye vumbi kando ya baiskeli zao, na mume wangu yuko mbele yao, ameinamisha kichwa. Nilimshika uso, nikamshika miguu, mmoja, halafu wa pili.

Lililolipuka lilikuwa lori la kwanza. Baiskeli zote zilipita katikati ya barabara, katika mkondo wake, mstari mmoja, bila kuyumba, na lori likaja nyuma yao likakanyaga palepale. Magunia ya mchanga hayakusaidia. Dereva alikuwa kijana mwekundu wa uso ambaye kambini alipenda kuja kuomba ukoko wa wali, akiunyooshea kidole kwa sababu hakujua jina lake. Nililia kwa ajili yake, na mpaka leo sioni aibu kusema hivyo.

Ofisa alimhoji mume wangu siku ile ile, lakini hakumweka ndani. Alisema mabomu yale ya malori hutaka uzito, baiskeli huweza kupita juu yake yasilipuke. Akasema pia hakuna mtu duniani anayejua bomu lilipo akapita juu yake kwa hiari, na wenzake wote nyuma, akitegemea wepesi wa baiskeli. Mtu huyo hajazaliwa. Kwa hiyo mzee ameonyesha kwamba hajui kitu. Walimpa na ile baiskeli mpya. Aliiuza kabla ya mwezi kuandama, wala hakuipanda hata mara moja.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia mkalimani anatafsiri neno uzito. Nikaikumbuka keria niliyokuwa nimeiacha mashuani. Nikaukumbuka uji. Kisha nikamkumbuka mdogo wangu na leso yake kichwani, nikaushika mwimo wa mlango.

Sikumwuliza wakati ule. Siku zile kuta zilikuwa na masikio, na mengine yalikuwa yanalipwa. Niliishi naye nikimtazama. Nilikuwa nikiwaona wake wa wenzake wakimshukuru sokoni kwamba aliwarudisha waume zao salama, naye anaangalia chini, na mimi najiuliza ni mtu gani huyu ninayempikia. Wale watu walimfuata kwa heshima. Kama alijua, hakuwaambia.

Vita vilipokwisha na bendera yetu kupandishwa, nilimfuata uani. Alikuwa anaziba pancha, keria imesharudi mahali pake.

"Ulijua?" nikamwuliza.

Aliusugua mpira wa ndani kwa msasa.

"Sikuwa na hakika na uzito wa shemeji yangu," akasema.

Hakusema zaidi, hadi alipofariki. Mdogo wangu yupo, bado mnene, na kila Idi akija kula kwangu hunikumbusha jinsi marehemu alivyomtukana mbele ya wake za watu, na kwamba hajamsamehe. Siwezi kumwambia kwa nini alitukanwa bila kuwaambia wenzake walipitishwa juu ya nini, na baadhi yao nao wako hai. Kwa hiyo namwongezea wali.