Kompyuta Isiyolalamika

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Naogopa radi, naogopa mbwa wa watu, na kuliko vyote naogopa mashine iliyonyamaza. Wenzangu kompyuta ikigoma wanatukana. Mimi roho inanidunda pale inapokubali kila kitu.

Wakati huo Songwe haijawa mkoa, Tunduma bado tuko Mbeya. Nilikuwa karani wa takwimu kwenye kliniki ndogo ya wagonjwa wa kifafa, nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mgonjwa anapimwa uzito, naingiza uzito kwenye Excel, nabonyeza kitufe, makro, yaani maelekezo yaliyoandikwa humo ndani ya Excel, inapiga hesabu ya vidonge, printa inatoa lebo. Sista mfawidhi anabandika lebo kwenye pakiti ya dawa na kumkabidhi mgonjwa. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Zamani ile makro ilikuwa inakwamakwama. Kinatokea kisanduku kwenye kioo chenye Kiingereza na namba ya kosa, ukibonyeza vibaya unajikuta kwenye maelekezo ya makro, mstari mmoja umepakwa njano, na baraza limejaa watu. Karani aliyenitangulia alichoka kuitwa kila saa. Akaweka juu kabisa mstari mmoja: On Error Resume Next. Yaani ukikutana na kosa usiseme kitu, ruka, endelea na mstari unaofuata. Kuanzia hapo kompyuta ikawa na adabu, sista akawa anaisifu mbele ya wageni. Nami nilipoajiriwa niliikuta hivyo, nikashukuru.

Kila mwezi gari letu lilishuka bondeni hadi Chitete, tumebeba kompyuta mpakato, printa ndogo na jenereta. Safari moja mizani yetu ikafa. Tukaazima ya mzee mmoja wa kijiji cha Ruanda kule Mbozi, aliyepima kahawa za watu maisha yake yote. Mizani ya magunia, ile yenye sahani ya chuma chini, na mzee akasema haiendi popote bila yeye. Akaja. Alipima watu kwa uangalifu kuliko sisi wote, na akaandika kama alivyozoea kwenye kahawa, maana mkulima wa kahawa ukimwibia robo kilo mtagombana mpaka jioni. Karibu wote siku hiyo walitoka kilo kamili. Mtoto mmoja tu wa kike, wa wafugaji waliohamia bondeni, mzee alimwandikia "12 na robo".

Mimi ukarani nilifundishwa sheria moja: andika kilichoandikwa, usiongeze, usipunguze. Nikaandika 12 na robo, hivyo hivyo kwa maneno. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Lebo zikatoka zote, sista akagawa dawa haraka haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yanajikusanya na barabara ile ikilowa hamtoki.

Siku chache baadaye, tumesharudi Tunduma, akaja mfanyabiashara mmoja wa mpunga, pande la mtu. Naye alipata dawa siku ile kule Chitete, lakini mvua ilimlowesha njiani na lebo yake ikafutika. Nikafungua faili kumtafutia nyingine. Jina lake hili hapa. Na chini yake, mstari unaofuata, yule mtoto wa 12 na robo. Vidonge vyao sawasawa.

Nilijiambia nimesoma vibaya, nikasoma tena. Nikaenda kwenye maelekezo ya makro, nikaufuta ule mstari wa juu, nikabonyeza kitufe. Kile kisanduku cha zamani kikatokea, kosa namba 13, na mstari wa njano ukasimama kwenye uzito wa mtoto. Nikaelewa. "12 na robo" kwa kompyuta si namba. Ilishindwa kuusoma uzito, ikaambiwa ruka, ikaruka, na kichwani bado imeshika uzito wa mtu aliyetangulia. Ndio huo ikapigia hesabu. Kama mama ntilie ambaye hakusikia umeagiza nini akakuletea sahani ya jirani yako, tofauti ni kwamba hii ilikuwa dawa inayolaza, na imempa mtoto kipimo cha lile pande la mtu.

Nilimweleza sista yote. Hakunigombeza. Alisema, "Mdogo wangu, mwite dereva awashe gari, tunaondoka sasa hivi."

Simu kule bondeni hazikushika. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu mtoto awe anatapika, awe analia, awe ameikataa dawa, chochote chenye kelele. Nilikuwa nawaza tutakuta watu wamekaa nje ya nyumba.

Tulimkuta mama yake peke yake, anatwanga mahindi. Alifurahi kutuona. Sista akamuuliza mtoto anaendeleaje.

"Sista, Mungu awabariki," akasema. "Tangu nimempa dawa yenu degedege hakuna. Hasumbui, halii, analala tu. Hata chakula haombi."

Sista aliingia ndani bila kukaribishwa. Mtoto alikuwa kwenye ngozi ya ng'ombe, uso umetulia vizuri. Sista akamwita, akamfinya sikio, akamfinya tena kwa nguvu. Jicho moja likafunguka kidogo, likajifunga. Anapumua, lakini ukimaliza pumzi moja unasubiri sana nyingine. Kurudi, tukimkimbiza hospitali, mama alimpakata, na mimi kazi yangu ilikuwa kuweka mkono kifuani pa mtoto na kusema kwa sauti kila kinapopanda. Sijawahi kuogopa hivyo tena maishani.

Hospitalini walimpokea, wakamwekea maji, na kesho yake mchana alifungua macho akaomba uji. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la wagonjwa.

Ule mstari sikuurudisha. Nilijifunza kwa fundi mmoja wa kompyuta pale mjini namna ya kulikamata kosa na kulisema, nikaandika kisanduku changu kwa Kiswahili: SIMAMA, uzito wa mgonjwa huyu si namba, lebo haitoki. Na jina la mgonjwa linatokea hapo hapo.

Safari iliyofuata Chitete mizani ilikuwa ile ile na mzee yule yule. Tulimwomba aandike kwa nukta, akaitikia, akaandika alivyozoea: "12 na nusu". Kisanduku kikatokea na jina la yule mtoto, printa ikasimama, foleni ikanung'unika.

"Hii kompyuta yako siku hizi ina mdomo," sista akaniambia. Nikamwita mzee, akampima mtoto tena, akanisomea upya, nikaandika 12.5.

Nje, juu ya ile sahani ya chuma, mtoto mwenyewe alikuwa anapiga mayowe hataki kupimwa, anarusha miguu, kamasi zinamtoka. Sista akachungulia dirishani akamwambia mama yake ambembeleze, watu hawasikilizani.

Mama hakumgusa.

"Mwache alie, sista," akasema. "Mwache tu alie."