Waya wa Ukweni

Simu ilipolia Ijumaa jioni na kuonyesha jina la baba mkwe, Makokha hakuipokea mara moja. Aliiacha itetemeke juu ya meza ya kibanda chake cha kutengeneza kompyuta mjini Kitale, katikati ya mashine za watu zilizofunguliwa matumbo. Alijua itasema nini.

"Makokha, hii kitu imekataa tena," alisema Mzee Absalom kutoka Bungoma. "Kwangu hapa mbele iko sawa. Huko nyuma ndio hakuna."

"Sawa, Mzee. Kesho tunakuja."

Jirani yake Daud, fundi wa redio, akaangua kicheko. "Wewe bana, ulioa mke ama ulioa kompyuta?"

Makokha alirudi kwenye skrubu zake. Jumamosi ndiyo siku wakulima wa Saboti wanaposhuka mjini na mashine zao mbovu, na yeye Jumamosi zake zote zilikuwa zinaishia Bungoma. Alikuwa amechoka, uchovu ule wa kuamka nao asubuhi.

Nyumba ya wakwe ilikuwa na kompyuta mbili. Ya Mzee, ofisa wa kilimo mstaafu, ilikaa sebuleni, na ndiyo iliyopokea intaneti. Ya mama mkwe, Agneta, ilikaa chumba cha nyuma na kuazima intaneti hiyo kwa waya uliopita juu ya dari. Aliachiwa kompyuta hiyo na Viola, kitinda mimba wao, muuguzi aliyeondoka kwenda kufanya kazi Doha bila kumuaga baba yake. Mzee alitangaza siku hiyo hiyo kwamba jina la Viola lisitajwe mbele yake, na Mzee si mtu wa kurudisha neno mdomoni. Tangu hapo mama aliongea na binti yake kwa barua pepe, mlango ukiwa umefungwa. Waya ukikataa, mama anabaki bila mtoto. Ndiyo maana Makokha hakuthubutu kusema amechoka.

Kazi yenyewe ingekuwa ndogo kama si ukwe. Kwao mkwe haonani uso kwa uso na mama mkwe, sembuse kuingia chumbani kwake. Basi fundi anakaa sebuleni, mama anakaa nyuma, na mkewe Nabwile, mama wa mtoto wao Trevor, anapiga mguu kwenye korido akibeba maneno.

"Mwambie mama aangalie taa ya kijani huko nyuma kama inawaka."

"Anasema inawaka."

"Mwambie azime, halafu awashe."

"Taa?"

"Kompyuta, Mama Trevor. Kompyuta!"

Safari ya kwanza alilaumu panya, akabadilisha waya. Safari ya pili alilaumu radi za Bungoma, akabadilisha kifaa cha ndani kinachopokea waya. Baadaye alilaumu kila alichoweza kulaumu. Kila mara alifuta mipangilio yote na kuipanga upya, na kila mara ilikubali, kisha baada ya siku chache ikagoma.

Jumamosi hii hakuwa na moyo wa kufuta chochote. Aliketi tu, akafungua ukurasa wa mipangilio na kuutazama kama mtu anayetazama ukuta. Hapo akaona. Kile kisanduku cha kuruhusu kompyuta nyingine itumie intaneti hii hakikuwa na tiki.

Tiki haitoki yenyewe. Panya hatoi tiki, wala radi. Mama Agneta hagusi mashine ya sebuleni. Na Makokha alikumbuka, huku masikio yakiwaka moto, jinsi alivyojigamba siku ya kwanza: "Ona hapa, Mzee. Hii tiki ikitoka, huko nyuma ni giza."

Hasira ikampanda. Kumbe mzee huyu ndiye anayemkatia mama mtoto wake, na kumtoa yeye Kitale kila wiki kama mtoto wa kutumwa dukani! Aligeuka kumtazama. Mzee Absalom alikuwa kwenye kiti chake, ungo mapajani, anabambua njugu karanga, kra, kra, kama alivyofanya tangu walipofika. Kisha Makokha akaurudisha uso kwenye kioo cha kompyuta. Mkwe hamwulizi baba mkwe swali la namna hiyo.

"Nabwile," sauti ya mama ikaja kutoka nyuma. "Si mnisomee kwanza hapo mbele? Huku bado, na mimi nimekaa siku mingi."

Ndivyo ilivyokuwa kila safari. Mama hakuweza kuja sebuleni mkwe akiwepo, wala hakuweza kungoja. Nabwile alivuta kiti, akafungua barua pepe ya mama yake kwenye kompyuta ya Mzee, akaisoma kwa sauti kubwa ili ifike nyuma, bila kutaja jina la aliyeiandika. Viola alisema joto la huko linachoma hata usiku. Alisema aling'olewa jino. Aliuliza kama ule mgomba wa nyuma ya choo umezaa.

Makokha ndiye aliyetambua kwamba sauti ya maganda imenyamaza.

"'Na baba,'" Nabwile alisoma, sauti ikishuka, "'bado anakohoa asubuhi?'"

Mzee hakuinua kichwa.

"Hiyo mashine inapiga kelele sana," alisema. "Rudia hapo mwisho."

Nabwile akarudia. Mzee alibambua njugu moja, akaishika tu mkononi.

Hasira ya Makokha iliisha pale pale, na kilichobaki ni ule uchovu wake wa kawaida, na huruma. Akarudisha tiki mahali pake. Huko nyuma mama alipiga kelele ya furaha: "Imekuja!"

"Mzee," Makokha alisema polepole, "hii kitu haijaharibika. Inataka tu kuangaliwa. Tutakuwa tunakuja kila mwisho wa mwezi, hata kama inafanya. Tunaijaribu hapa mbele kwanza, vile tumefanya leo."

Mzee alifikiri. "Mwezi ni mrefu," alisema. "Mashine yenyewe ni nzee."

Makokha akaziona Jumamosi zake zikiondoka. "Basi kila wiki mbili."

"Hapo sawa," alisema Mzee, akamsogezea ungo. "Pelekea watoto."

Waya haukukataa tena. Walipofika baada ya wiki mbili, Makokha akiwa na macho mekundu ya usingizi, kompyuta zote zilikuwa zinafanya kazi, na kiti cha Nabwile kilikuwa kimeshawekwa mbele ya mashine. Huko nyuma mama, aliyekuwa ameisoma barua mpya ya Viola tangu Jumatano, alivuta kiti karibu na mlango ili asomewe tena.

"Keti," Mzee Absalom alimwambia binti yake, akiweka ungo chini. "Fundi amefika. Jaribuni."