Chombo cha Kushukia Chini ya Maji

Hatimaye mama alikuwa amekubali. Kwa miaka mingi alikataa katakata tukae matanga ya mdogo wangu, aliyezama na boti Ziwa Kivu kule Kongo, kwa kuwa maiti haikupatikana. Kwetu usipoiona maiti, unamlilia nani? Lakini safari hii dada yangu alimbembeleza kwa simu kutoka Buffalo mpaka akalegea. Tungekutana Jumamosi kwa mama, huku huku Marekani, Columbus, mtaa wa Northland. Kwaya ilishaambiwa.

Mimi napakia mizigo ya ndege Louisville. Wiki hiyo tulipewa mzigo wa ajabu: chombo cha kuokolea mabaharia waliokwama ndani ya nyambizi. Husafirishwa kwa ndege vipande vipande, mbiombio, kwa sababu huko chini hewa inawaishia. Kulikuwa na mashine nene yenye dirisha la duara, na chumba cha chuma ambamo waliookolewa hukaa hadi miili yao izoee tena hewa ya huku juu. Kilikuwa na viti, na viti vina mikanda. Nilifunga minyororo huku nimekasirika, sitaficha. Boti yetu ilipozama, hakuna aliyeleta hata kamba.

Wakati wa mapumziko nikampigia mama nimsimulie. Nilitaka tukasirike wote wawili.

"Donc, ile kitu inashukaka mpaka chini?" akauliza.

"Mpaka chini, mama."

"Na batu banatoka bazima?"

"Banatoka bazima."

Nikasikia akizima jiko.

"Bon. Ambia dada yako asikuje. Matanga hakuna."

Dada alinifokea mpaka sauti ikamkauka. "Weye na kinywa yako! Nani alikutuma?"

Jumamosi nikaendesha gari peke yangu hadi Columbus. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Akanipakulia fufu na sombe ya majani ya muhogo, nami nikamweleza taratibu: wale mabaharia wamefungiwa ndani ya chuma, wana hewa. Mdogo wangu alikuwa kwenye boti ya mbao, juu wazi. Hakuwa na hewa yoyote, mama.

"Nimesikia, papa," alisema, yaani baba, kama anavyoniita tangu utotoni.

Nikadhani yamekwisha.

Ndipo akaushika mkono wangu, tonge likiwa bado vidoleni.

"Lakini bale benye ndege, uliambia bao kama wetu naye iko kule?"

Nikamwambia nimewaambia.