Kiangazi Tulichokimbia na Baba

Kiangazi kikiingia Nyarubungo, harufu chachu ya muhogo uliovundikwa hutanda kijiji kizima. Mama aliuanika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, nami nilikaa pembeni nikifukuza kuku, mkononi nikiwa na andazi la moto. Siku za gulio mama alikaanga maandazi ya kuuza, na la kwanza kutoka kwenye karai lilikuwa langu. Kabla yangu alikuwa amezika watoto wawili, wote wakiwa wamekonda hadi mbavu zikaonekana. Kwa hiyo mimi nilipoanza kunenepa, furaha yake haikufichika. "Devota wangu ameshika mwili," aliwaambia majirani, nao wakamshukuru Mungu pamoja naye. Shuleni ndiko nilikojua kwamba mwili huohuo ni kichekesho. Huko niliitwa Bonge, na kwenye mchakamchaka wa asubuhi wenzangu walikuwa wameshapanga mistari, mimi bado nahema njiani.

Nilikuwa darasa la sita goti la kushoto lilipoanza kuuma. Maumivu yalikuja nikiteremka kisimani, yakapanda pajani, yakatulia nikilala. Baadaye unyayo ukaanza kutazama nje, kana kwamba mguu ule ulitaka kushika njia yake peke yake. Mama alinikanda kwa samli ya moto. Kwenye zahanati tulipewa dawa ya maumivu na kuambiwa nipunguze mwili. Maneno hayo baba aliyabeba kama amri.

Baba alikuwa mkulima mwembamba, mpole, asiyejua kufoka. Kulipopambazuka aligonga mlango wangu. "Mama, amka tukakimbie." Hakunituma peke yangu, alikimbia nami, katambuga zake za tairi zikipiga vumbi jekundu, akipunguza mwendo nisiachwe. Mashamba yalikuwa yamevunwa, mabua ya mahindi yamesimama makavu pande zote mbili, na watu waliokwenda kuchota maji walitupisha huku wakicheka. Baba aliwaitikia salamu zao kama vile hakusikia kicheko. "Nia njema ni tabibu," aliniambia kila tuliposimama kupumua.

"Baba, mguu unauma."

"Najua, mama. Kaza kidogo, tufike pale kwenye mikaratusi."

Nilikaza, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu sikuwa na maneno ya kueleza kwamba maumivu yale hayakuwa uchovu. Wahenga husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baba alijitahidi kulala kitanda changu, jasho lake likimtoka pamoja na langu, na bado kunguni hakuwaona.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, asubuhi barabara ikawa utelezi. Sikuanguka kwa kishindo. Niliteleza tu, nikakaa chini, na nilipotaka kuinuka mguu ulikataa. Baba alishika makwapa yangu akavuta. Nilikuwa mzito kwake. Akavuta tena, akateleza, akaketi kwenye tope, akakilaza kichwa changu mapajani mwake na kuita watu. Sijawahi kusikia tena sauti ile kutoka kwake. Wanaume waliokuwa wakienda shamba walinibeba kwa blanketi.

Katika hospitali ya mbali tuliyopelekwa, daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. "Goti halina ugonjwa, mzee. Shida ni nyonga. Mtoto mzito akiwa anakua, kichwa cha mfupa kinaweza kuteleza polepole kutoka mahali pake. Maumivu yanasikika gotini."

"Tulikuwa tunakimbia kila asubuhi," baba akasema. "Ili apungue."

Daktari aliishusha picha. "Alihitaji kupumzishwa, mzee. Lakini usingeweza kujua."

Baba alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Walinifunga chuma kwenye nyonga. Nilipona, ila mguu wa kushoto ulibaki mfupi, na hadi leo hatua zangu husikika moja nzito, moja nyepesi.

Sasa naishi Biharamulo mjini na binti yangu, Neema, aliyerithi mwili wangu. Sisi tulikuwa na maandazi siku za gulio. Yeye ana chipsi na soda kila kona, na bodaboda ya kumpeleka shule. Kuhusu nyonga zake sikungoja zimuume. Daktari aliyempima alisema ni nzima, acheze, akimbie, mifupa hupata nguvu kwa kutumika. Namwamini. Hata hivyo, jioni Neema akikimbizana na wenzake, mimi husimama mlangoni nikitazama nyayo zake. "Polepole!" humwambia, kisha najirekebisha, "Kimbia, mwanangu." Hunitazama asijue afuate lipi, wala mimi sijui.

Baba amezeeka, yuko bado Nyarubungo. Hupiga simu Jumapili baada ya kanisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mtoto anatembeaje?"

"Anatembea vizuri."

"Mwangalie tena," husema, nami nikiwa na simu sikioni hutoka nje kumwangalia tena.