Taa Mbili za Rivasi na Bafu la Mwalimu

Sina ujanja wa kulipamba jambo hili, kwa hiyo nalisema kama lilivyo: mimi ndiye niliyemwanika baba mkwe wangu mbele za watu akiwa anaoga, na wakati huo hakuwa hata baba mkwe bado, alikuwa mzee wa watu tu ambaye nilikuwa nimekwenda kumwomba binti. Wapo watu Makere mpaka leo wakiniona napita wanaulizana kwa sauti kama jioni kutakuwa na sinema, nami nawapungia mkono napita, maana nitasemaje?

Ilikuwa miaka ile ya tisini, wakati barabara ya Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa na malori mengi kuliko mbuzi kwa sababu ya kambi za wakimbizi, na mimi nilikuwa dereva wa lori la Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa maharage pale Kasulu mjini. Lori lilikuwa zee lakini lina nguvu, ila taa yake ya kurudi nyuma ilikuwa moja tu, ndogo, na mwanga wake (kama niuite mwanga) ulikuwa wa kibatari kinachoishiwa mafuta. Ukipiga rivasi jioni ulikuwa unategemea sauti za watu: wakinyamaza endelea, wakipiga kelele simama. Ndivyo nilivyolikanyaga tenga la nyanya la mama mmoja sokoni Makere, na yule mama alinitukana kwa Kiha dakika nzima bila kumeza mate, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nielewe vizuri (mimi ni Muha, nilikuwa nimeelewa tangu mwanzo).

Nikasema basi, natafuta taa. Nikapata mbili mpya kwa dereva mmoja wa safari ndefu, kubwa kama sahani za pilau, zile za kufungwa mbele kwa ajili ya njia za porini, nami nikaona zikifungwa nyuma hakuna tenga la nyanya litakalojificha tena.

Fundi wangu wa umeme wa magari alikuwa Nestori, kijana wa familia ya Warundi waliokuja zamani, mlokole, mpole, haongei mpaka aulizwe. Akazigeuzageuza zile taa mkononi akasema, "Obedi, hizi zinakula umeme mwingi. Zinataka rilei ya kubeba huo umeme badala ya swichi, zinataka fyuzi na waya mnene. Tena tuziunge kwenye gia ya rivasi, ukitoa gia zizime zenyewe."

"Hiyo rilei inapatikana wapi?"

"Kigoma. Nipe mpaka wiki ijayo."

"Wiki ijayo haiwezekani, Jumamosi naenda ukweni."

Sasa niulizeni, taa za rivasi na ukweni vinahusiana nini? Havihusiani hata kidogo. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilitaka ukoo mzima wa Anastazia, mchumba wangu, ujue kwamba binti yao haolewi na mtu wa hivihivi, kwa hiyo nikamwambia Nestori afunge swichi yoyote, taa nitawasha na kuzima mwenyewe, mikono ninayo. Swichi iliyokuwepo pale gereji ilikuwa ya nyumbani, nyeupe, ya kuwashia taa ya sebuleni. Akaikaza kwa skrubu kwenye dashibodi, akavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, akasimama akaiangalia kazi yake kwa huzuni.

"Mimi nimekwambia," akasema.

"Ego, ndiyo, umeniambia," nikamjibu, nikaondoka na kumwachia hata sanduku langu la spana ambalo alikuwa ameliazima (huo nao ulikuwa ujinga, mtauona mbele).

Jumamosi ikafika. Baba yake Anastazia alikuwa Mwalimu Filimoni, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, anakaa kijiji kimoja ndani kidogo ya Makere. Nusu ya kata ile alikuwa amewafundisha na nusu nyingine amewachapa, na wapo waliopata vyote viwili. Mtu ambaye hata akicheka unakaa wima. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, Zakayo, mpenda hotuba, naye akatangulia mchana kwa pikapu ya jirani pamoja na shangazi yangu Melania na wazee wengine, jumla kama kumi na wawili. Mimi nilitakiwa nifuate na lori lenye zawadi: kreti za soda, mchele, mbuzi mmoja na blanketi la bibi. Nikapata pancha njiani, kwa hiyo nikafika saa moja kasoro, giza ndiyo linaingia, baridi ya kwetu nayo imeanza kung'ata.

Kwa bahati mbaya Mwalimu naye alikuwa amechelewa. Alikuwa ameitwa kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, karudi vumbi tupu, akawasalimia wageni uwanjani akasema, "Niwieni radhi, nijimwagie maji kidogo, kisha tuongee." Akachukua ndoo, akaingia bafuni. Na bafu lile, jamani, lilikuwa la turubai. Mnayakumbuka yale maturubai meupe ya plastiki yaliyokuwa yamezagaa kila mahali miaka ile? Watu waliezekea jikoni, walianikia mihogo, na Mwalimu alikuwa amezungushia bafu, nguzo nne na turubai jipya, safi, pembeni ya uwanja. Upande wake wa mbele ulitazamana na viti vya wageni. Upande wa nyuma ulitazama migomba, na katikati ya ile migomba kulikuwa na kinjia, na kwenye kile kinjia ndimo nilimokuwa naingia mimi, kinyumenyume, ili nishushe mzigo karibu na jikoni.

Nikabonyeza swichi.

Yaliyotokea uwanjani nilihadithiwa baadaye na shangazi, maana mimi nilikuwa kwenye kabini nimetazama migomba. Anasema baba mdogo Zakayo alikuwa ndiyo kwanza amesimama kujaribu hotuba yake, amefika pale pa "tumeona ua zuri katika boma hili," mara bafu zima likawaka jeupe kama mchana, na katikati yake akatokea mtu mweusi mkubwa kupita nyumba, hana nguo, anajisugua mgongo kwa kamba ya katani huku anaimba pambio. Baba mdogo akasema, "Na ua hilo..." akaishia hapo.

Akina mama wakapiga yowe. Na mimi, kwa kuwa nilijua watu wakipiga kelele unatakiwa usimame, nikasimama. Lakini halafu nikasikia vicheko na watoto wa majirani wanashangilia, nikajua kumbe wanashangilia taa! Roho yangu ikafurahi. Nikawapigia na honi mara mbili, nikarudi nyuma hatua chache zaidi ili waone vizuri.

Shangazi anasema hapo kivuli kiliongezeka.

Mwalimu naye akashtuka, na kama mtu yeyote mwenye heshima zake akachuchumaa, ila kuchuchumaa kulimponza zaidi, maana kivuli kikawa cha chura mkubwa mwenye masikio, akageuka huku, akageuka kule, kila akigeuka ni umbo jipya. Ndipo nikamsikia shangazi akikimbia kuja upande wangu huku khanga inamdondoka, anaita, "Obedi! Zima! Zima, mwanangu, mzee anaoga!"

Nikabonyeza swichi. Ikasema "ta," na taa zikabaki palepale. Nikabonyeza tena, na tena, kidole kikaungua, nikanusa plastiki ikiyeyuka, nikaelewa kwamba kile kiswichi cha sebuleni kilikuwa kimeshikana ndani kwa ndani na hakitazima tena mpaka Yesu arudi. Nikazima injini, taa ziko palepale (waya si umetoka betri?). Nikasema basi nilisogeze lori mbele, nikawasha: kwe-kwe-kwe. Kimya. Betri ya Mzee Rajabu nayo ilikuwa ya umri wake. Nikaruka chini niende nikafungue betri, nikaikuta ndani ya boksi lake, nati zimekaza, na spana zangu ziko Kasulu kwa Nestori.

Nikavua koti. Lilikuwa koti la suti, la kuazima, nikalifunika kwenye taa ya kulia, na sikuhesabu hata mpaka ishirini likaanza kutoa moshi. Nikalitoa. Hapo akili yote ikaniisha, nikaenda kusimama mwenyewe mbele ya taa, nikatanua mikono nizibe mwanga. Shangazi anasema hilo ndilo lililowamaliza watu kabisa, maana kwenye turubai sasa walionekana wawili, Mwalimu amechuchumaa na nyuma yake jitu limetanua mikono linamjia kumkumbatia.

Aliyeokoa jahazi ni mama yake Anastazia. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama mara moja, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, "Wageni wote, geuzeni viti! Mtazame barabarani!" Na wazee wote wa ukoo wetu, na suti zao, wakainuka, wakageuza viti, wakakaa wakiitazama barabara ambayo haikuwa na kitu.

Ndipo nikasikia sauti ya Mwalimu kutoka ndani ya turubai, imetulia, ya darasani kabisa.

"Nani huyo mwenye taa?"

"Ni mimi, Mwalimu. Obedi."

"Zimekataa kuzima?"

"Zimekataa, Mwalimu."

"Basi vunja."

Na hapa ndipo penye aibu yangu ya kweli, ambayo kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Jiwe lilikuwepo, nililiona, liko miguuni pangu, la kutosha kiganja. Na mzee wa watu amechuchumaa na povu kichwani, kwenye baridi ile, maji ya moto yameshapoa kwenye ndoo. Nami nikafungua mdomo wangu nikasema, "Mwalimu, lakini ni mpya."

Kisha kwa upande wa jikoni nikamsikia Anastazia mwenyewe akisema taratibu kwa Kiha, "Mana yanje, Obedi," yaani Mungu wangu.

Nikaokota jiwe nikavunja. Ya kulia, paa! Ya kushoto, paa! Giza likarudi, na ndani ya giza hilo nikasikia maji ya ndoo yakimwagika yote kwa mara moja, na mtu akishusha pumzi.

Mwalimu akatoka baadaye amevaa koti, tai, na kofia, akakaa kwenye kiti chake chini ya taa ya chemli. "Geukeni," akawaambia wageni, wakageuka. Akaniita nisimame mbele yake, nami sina koti, kidole kimeungua.

"Taa zile ulizifunga za nini?"

"Nione nyuma, Mwalimu."

"Na umeona?"

"Sikuona, Mwalimu."

Baba mdogo Zakayo, ambaye hotuba ilikuwa bado imemkaa kooni, akaona ndiyo nafasi, akainuka kuendelea na habari za ua. Mwalimu akamwinulia mkono. "Kaa, ndugu yangu. Posa siku nyingine. Leo mmeshaona ya kutosha."

Mama yake Anastazia aliingia ndani kwa haraka, akafunga mlango, na tukamsikia akicheka kule ndani mpaka akakohoa. Mwalimu alijifanya hasikii. Sisi wote tulijifanya hatusikii.

Kwa kawaida ukishakataliwa unaondoka, ila sisi lori lilikuwa limekufa kwenye mlango wa jikoni, na pikapu ya jirani ilisharudi, kwa hiyo ukoo mzima uliokataliwa ulilala pale pale, tukapikiwa, tukagawiwa mikeka, tukakoroma. Asubuhi Mwalimu alitoka akiwa na shati lake la kazi, akatukuta tunalisukuma lori, akaja akaweka bega kwenye bodi kama sisi wengine, akasukuma. Lilipowaka akajifuta mikono, akapiga chafya mara tatu, akaniambia, "Mwezi ujao mje. Wewe uje kwa miguu."

Wiki ile nilipokea barua ya Anastazia, mstari mmoja: "Baba ana mafua." Wiki iliyofuata nyingine: "Baba bado ana mafua." Ya tatu ndiyo iliyoniambia nipige pasi shati. Nikaenda, kwa miguu kutoka barabara kuu, nikafika nimejaa vumbi, nikapokelewa, na mwaka huo huo tukafunga ndoa. Mwalimu alinipenda, nadhani, kwa namna yake. Aliishi miaka mingi baada ya pale na hakulitaja jambo lile hata siku moja, ila bafu alilijenga la matofali.

Watu wakisikia mkasa huu huniambia fundisho lake ni kumsikiliza fundi, na kweli, mkimwona fundi anaiangalia kazi yake kwa huzuni, msipande gari hilo. Lakini mimi lililonikaa moyoni ni lile jiwe. Nilikuwa na jiwe miguuni na mtu wa watu anateseka, nikaanza kutetea kioo. Tangu siku ile nimejiapiza: mtu mwenye shida akiniambia vunja, navunja kwanza, bei ya kitu nitaikumbuka nikiwa peke yangu.