Mkiondoa Wifi, Mambo Yatatulia

Ofisi nzima inamwita mume wangu Daktari, ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Nesi ni mimi. Yeye ni fundi wa kompyuta katika ofisi inayotoa vyeti vya kuzaliwa. Mashine zake kumi na mbili anaziita wagonjwa, na kabla ya kutaja ugonjwa lazima akohoe kidogo. Miaka minne alikaa nyumbani akitengeneza pasi za majirani, mpaka dada yake, yaani wifi yangu, karani wa mapokezi pale, alipombembeleza bosi ampe kazi ya majaribio ya miezi mitatu.

Wiki ya mwisho ya majaribio, wagonjwa wakaugua kweli. Mashine zilizubaa, zikajizima, vyeti vikatoka nusu, foleni ikafika barabarani. Bosi akamwambia wazi: Ijumaa zikiwa nzima, barua ya ajira ipo, zisipokuwa, arudi kwenye pasi zake.

"Ni mnyoo," Daktari akaniambia Jumatatu, ana furaha utadhani kapata mtoto. "Si kirusi. Kirusi mpaka mtu akibebe ndani ya faili, na mwingine alifungue. Mnyoo hambembelezi mtu. Anatambaa mwenyewe kwenye mtandao, mashine hadi mashine, popote penye tundu lisilozibwa."

Siku hiyo alisafisha nne. Jumanne zote nne zikawa na minyoo tena. Akasafisha sita, Jumatano zikalala zote kumi na mbili. Aliporudi akakaa anachezea chakula changu kwa kijiko, nikashindwa kunyamaza.

"Baba watoto, humu ndani dawa ya minyoo tunampa mtoto mmoja mmoja?"

"Tunawapa wote siku moja."

"Kwa nini?"

Akaacha kutafuna. "Wasiambukizane," akasema polepole, kisha akanyanyuka hata mikono hajanawa.

Mimi si mtu wa kusikiliza simu za watu. Nilikuwa uani naanua nguo, na nguo zilikuwa nyingi. Nikamsikia anaongea na bosi.

"Ndiyo, bosi, nyaya nitachomoa. Lakini shida kubwa ni wifi. Mkiondoa wifi, mambo yatatulia. Kesho asubuhi na mapema. Tusimtangazie mtu, kutakuwa na kelele."

Shuka likanidondoka. Wifi ya hewani naijua, mimi si mshamba. Lakini ofisi ile niliijua ni ya nyaya tupu, ukigeuka tu zinakukwaza. Wifi niliyemjua pale alikuwa mmoja, mrefu, mwenye miwani, ambaye hata mume wangu humwita wifi akiniiga kwa utani, na ndiye aliyemwingiza kazini huyu mwanamume. Nilikasirika. Na sitaficha, chini ya hasira palikuwa na utamu kidogo, maana miaka yote wifi ananiambia kaka yake hana kasoro, kasoro ni mapishi yangu. Nikampigia.

"Wifi, kaa kwanza. Kaka yako kamwambia bosi wakuondoe kazini."

 "Asante, wifi," akasema, akakata simu.

Alhamisi saa sita mchana Daktari alinijia mpaka zahanati, jasho linamtiririka, akanivuta pembeni ya mizani ya watoto wachanga.

"Dada kawahi alfajiri kabla yangu, kafunga mapokezi, kaondoka na funguo! Mashine yake naisikia inaunguruma ndani. Hapokei simu. Kumi na moja nimezisafisha, lakini nikirudisha mtandao nipakue viraka vya kuziba matundu, hiyo moja itaziambukiza zote upya. Na kile kisanduku cha wifi alichokifunga bosi juzijuzi kimo humo humo!"

"Kisanduku cha nini?"

"Cha wifi, mama watoto. Chenye taa za kijani."

Hapo nikaelewa alisema wifi ipi. Nikamwambia aniachie hiyo shughuli ya funguo, nikatoka na sare yangu ya kazi.

Nilimkuta wifi nyumbani kwake, kakaa kitandani, viatu vya ofisini bado miguuni, funguo mapajani, macho mekundu.

"Nilimwombea ile kazi mara tano," akasema. "Mara ya sita nikalia mbele ya bosi, mimi na umri huu. Halafu yeye ndiye anataka nitoke?"

Nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Yule mwanamke alikuwa amelia tangu alfajiri kwa sababu ya simu yangu ya dakika moja.

"Wifi, nisamehe. Hakukusema wewe. Alisema wifi nyingine."

Akasimama. "Nyingine ipi? Kaka yangu kaoa tena?"

"Ya hewani, wifi! Ya mtandao! Kisanduku chenye taa!"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama vizuri.

"Yaani watu wanahangaika wiki nzima wanamtafuta mnyoo," akasema, "kumbe mnyoo mwenyewe ni wewe." Akanirushia funguo kifuani, na zikaniuma.

Saa tisa mlango ulifunguliwa. Kisanduku kikazimwa, mgonjwa wa kumi na mbili akasafishwa, na zote zikazibwa matundu siku hiyo hiyo. Ijumaa hakuna mashine iliyozubaa, foleni ikaisha kabla ya saa saba, na bosi akaagiza barua ya ajira ichapwe. Aliyeichapa ni wifi, kwenye mashine yake ya mapokezi. Daktari anasema aliisoma kwa sauti mara mbili, ya pili akiwa amesimama.

Mimi wifi hakunisemesha wiki tatu. Kisha siku moja nilimpigia tukiwa chumba kimoja, kumjaribu tu. Simu yake ikaita mezani, nami nikachungulia jina alilonihifadhia. Limeandikwa Mnyoo.

Akalitazama, akanitazama, akapokea. "Haloo, wifi," akasema.